Homoni ya Ukuaji na Uzazi wa Mwanamke: Maneno Yanayohitaji Uangalifu

Miongoni mwa maneno yanayoletwa mbele ya wanaistilahi ili yatafutiwe visawe, yapo ambayo kosa lake huishia kwenye karatasi. Mfasiri akikosea jina la sehemu ya mashine, fundi atacheka na kuendelea na kazi yake. Yapo mengine ambayo kosa lake humfuata mtu mpaka nyumbani kwake, na maneno ya uzazi ni ya kundi hili. Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno machache yanayotumika kueleza jambo moja la utabibu wa kisasa, nalo ni tiba ya homoni ya ukuaji kwa wanawake waliopungukiwa na homoni, na uhusiano wa tiba hiyo na uwezo wao wa kupata mimba. Jambo lenyewe ni la kitaalamu. Lakini karatasi zinazolieleza hufasiriwa na watu wasio matabibu, husomwa na wauguzi, na hatimaye hufika mikononi mwa mama anayetaka kujua jambo moja tu: je, nitazaa?

Haiwezekani kulipima neno kabla ya kukijua kitu kinachotajwa. Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, katika kishimo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi, kuna tezi ndogo inayolingana na punje ya njegere, yenye uzito wa nusu gramu hivi. Tezi hiyo huitwa pituitari. Sehemu yake ya mbele ndiyo inayotuhusu hapa. Hiyo hutoa homoni zinazokwenda na damu mpaka kwenye viungo vya mbali: moja huiamrisha tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, moja huziamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, mbili, ziitwazo kwa jina la pamoja gonadotropini, huziamrisha ovari, prolaktini huandaa maziwa ya mama, na ya sita ni homoni ya ukuaji. Tezi hiyo ikidhurika, homoni moja yaweza kupungua peke yake, au zikapungua kadhaa kwa pamoja. Tofauti hii ya moja na kadhaa ndiyo msingi wa karibu yote tutakayoyasema, kwa kuwa mwanamke aliyepungukiwa na homoni ya ukuaji peke yake, na yule aliyepungukiwa na gonadotropini pia, hawako katika hali moja kuhusu suala la mimba.

Jina la pituitari lina mafunzo yake. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kamasi au ute, kwa sababu waganga wa kale wa Ulaya walidhani kwamba tezi ile huchuja taka za ubongo na kuziteremsha puani. Dhana ile ilikwisha kufa, jina likabaki, na hatujui mgonjwa aliyedhurika kwalo, maana hakuna anayesikia kamasi ndani yake. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba neno la Kiswahili linaloeleweka papo hapo ni bora siku zote kuliko lililotoholewa. Aghalabu tunakubaliana nao. Utaratibu wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo kwingineko, ni utaratibu wa busara. Lakini neno linaloeleweka papo hapo laweza pia kupotosha papo hapo.

Tuanze na homoni. Neno hili lilitumiwa kwa mara ya kwanza hadharani mwaka 1905 na Ernest Starling, mtaalamu wa fiziolojia wa London, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea au kutia mwendo. Miaka mitatu kabla ya hapo yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua sekretini, kitu kinachotolewa na utumbo na kusafiri katika damu ili kuiamsha kongosho. Kwa hiyo kichocheo kingekuwa kisawe cha haki kabisa, na bado wapo wanaokitumia. Taabu ni kwamba kichocheo kimekwisha chukuliwa na walimu wa kemia kwa maana ya kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kwisha. Mwanafunzi wa sekondari akikutana na kichocheo saa ya kemia na kichocheo saa ya biolojia, atadhani ni kitu kimoja. Zaidi ya hayo, homoni limekwisha kuzoeleka vitabuni na vinywani. Sisi tunaliacha lilivyo.

Homoni ya ukuaji ni suala gumu zaidi. Mwaka 1921, huko California, Herbert Evans na Joseph Long walionyesha kwamba panya waliodungwa dawa iliyotolewa katika pituitari ya ng'ombe walikua kupita kiasi cha kawaida. Homoni yenyewe ya binadamu ilitengwa mwaka 1956, na haikupita miaka mingi ikaanza kutumiwa kuwatibu watoto wasiorefuka. Wakati huo ilipatikana kwa njia moja tu, yaani kutoka katika pituitari za maiti. Mwaka 1985 ilidhihirika kwamba baadhi ya vijana waliotibiwa kwa njia hiyo walipata ugonjwa wa ubongo usioponyeka, uitwao Creutzfeldt-Jakob; matumizi ya homoni ya maiti yakasimamishwa, na katika mwaka huo huo Marekani iliidhinisha homoni inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Tangu hapo kiasi chake hakikufungwa tena na idadi ya maiti. Mwaka 1996 idhini ya Marekani ikapanuliwa kwa watu wazima waliopungukiwa nayo.

Hapo ndipo jina lilipoanza kuleta matata. Maadamu dawa ilikuwa ya watoto, homoni ya ukuaji lilikuwa jina linalojieleza. Lakini mtu mzima harefuki tena. Ncha za mifupa yake mirefu zimekwisha kufunga. Ndani ya mwili wake homoni hiyo ina kazi nyingine: hulinda wingi wa misuli, huzuia mafuta yasirundikane tumboni, hutunza uimara wa mifupa, na huliagiza ini litoe kitu kiitwacho IGF-1, ambacho hufanya kazi nyingi kwa niaba yake. Mama wa miaka thelathini akiambiwa kwamba atadungwa sindano ya homoni ya ukuaji, hana budi kuuliza: nikue niwe nani? Si swali la ujinga. Homoni hiyo ikizidi mno kwa muda mrefu, mikono, miguu na taya hupanuka kweli. Ikitolewa kwa kipimo cha kujazia kilichopungua, na damu ikawa inapimwa kila mara, jambo hilo halikusudiwi wala halitarajiwi.

Limewahi kufikiriwa jina la somatotropini, ambalo ndilo jina la kimataifa. Wapo wataalamu wanaolipenda. Sisi tunasita, na sababu moja yaweza kuonekana ya mzaha: kwa Myunani soma ni mwili, bali kwa Mswahili soma ni amri ya mwalimu. Sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba jina la homoni ya ukuaji limekwisha kuenea kiasi cha kutong'oka. Pendekezo letu ni kwamba libaki, lakini kila andiko linalomhusu mtu mzima litoe ufafanuzi mara jina linapotajwa kwa mara ya kwanza, kwa maneno kama haya: homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtu mzima hutunza misuli, mifupa na matumizi ya mafuta mwilini. Ni maneno machache, nayo humwondolea msomaji hofu ambayo muuguzi angehitaji nusu saa kuiondoa.

Sasa tuje kwa mwanamke mwenyewe. Tezi ya pituitari hupungukiwa na nguvu kwa sababu mbalimbali: uvimbe, upasuaji au mionzi ya kichwani, jeraha la kichwa, na kwa wachache hitilafu ya kuzaliwa. Lakini iko sababu moja inayotugusa kwa karibu katika Afrika Mashariki. Mwaka 1937 Harold Sheehan, daktari wa patholojia wa Uingereza, alieleza jinsi sehemu ya mbele ya pituitari inavyokufa kwa mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Katika ujauzito tezi hiyo huongezeka ukubwa na kuhitaji damu nyingi zaidi. Mama akipoteza damu na shinikizo lake likaporomoka, tezi hukosa damu na kufa, yote au baadhi yake. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kwamba maziwa hayatoki. Baadaye hedhi hairudi, nywele za mwilini hupukutika, mama huona baridi, huchoka, na pengine huishi miaka mingi bila mtu kuunganisha uchovu wake na siku ile ya kujifungua. Hali hii huitwa ugonjwa wa Sheehan. Katika nchi zenye huduma ya haraka ya damu na ya uzazi imekuwa adimu. Pale ambapo mama bado huvuja damu mbali na hospitali, haijaondoka.

Mama kama huyo akija hospitali kwa sababu hapati mtoto wa pili, aandikwe nini katika hati yake? Tumeona hati za Kiswahili zinazotumia neno tasa. Hilo ndilo kosa tulilolikusudia hasa katika makala haya.

Tasa ni neno zito. Hutajwa kwa mwanamke na hutajwa kwa mnyama jike, na kwa masikio ya wengi humaanisha asiyezaa wala hatazaa. Walimu wa hisabati walilielewa vema walipoliazima: namba tasa ni ile isiyogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe, na saba ni namba tasa leo, ilikuwa tasa jana na itakuwa tasa kesho. Ni sifa ya kudumu. Mama wa ugonjwa wa Sheehan hana sifa hiyo. Kwanza, amekwisha kuzaa; kumwita tasa ni kumkana mtoto wake. Pili, ovari zake zina mayai na mji wake wa mimba ni mzima. Kinachokosekana ni amri itokayo juu. Amri hiyo yaweza kutolewa kwa sindano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Carl Gemzell huko Sweden alionyesha kwamba gonadotropini zilizotolewa katika pituitari za binadamu zaweza kuziamsha ovari za mwanamke asiyepevusha mayai, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bruno Lunenfeld na wenzake huko Israeli walipata mimba kwa kutumia gonadotropini zilizochujwa katika mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Wengi wa wanawake ambao ovari zao zimelala kwa kukosa amri huweza kupevusha mayai kwa tiba ya aina hii. Neno tasa katika hati ya mwanamke kama huyo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi kusikilizwa, na wote tunajua yanayoweza kufuata katika ndoa.

Mgumba ni neno pana zaidi. Husemwa kwa mwanamume na kwa mwanamke. Shirika la Afya Duniani hulitambua tatizo hili kuwa ni kushindwa kupata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga. Maana hiyo haisemi lolote juu ya kesho. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba ugumba litumike kwa maana hiyo ya kitabibu, na ligawanywe katika ugumba wa awali, kwa yule ambaye hajapata mimba kamwe, na ugumba wa baadaye, kwa yule aliyepata kisha akashindwa. Na kwamba utasa libaki kwa ile hali ambayo hakika haibadiliki, kama vile ya mtu asiye na ovari wala mji wa mimba. Hata hapo tungependelea hati itaje sababu na kuliacha jina. Mathalani: hedhi imekoma kutokana na upungufu wa gonadotropini. Sentensi ni ndefu kuliko neno tasa, lakini daktari wa pili atakayeisoma atajua la kufanya.

Linaambatana na hayo neno kizazi. Katika usemi wa kawaida kizazi ni mji wa mimba, na ni uwezo wenyewe wa kuzaa. Ndiyo maana husemwa kufunga kizazi. Mfasiri anayetaka kueleza kwamba viungo vya uzazi ni vizima ila pituitari ndiyo yenye hitilafu, aweza kuandika kwa nia njema kwamba kizazi hakina kasoro, tatizo liko kichwani. Asiandike hivyo. Mtu ambaye tatizo lake liko kichwani, kwa Kiswahili, ni mwendawazimu. Na iandikwe kwamba tatizo liko katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo.

Kuna upungufu, kuna ukosefu, kuna uhaba. Haya matatu hubadilishana mno katika tafsiri, na si lazima yabadilishane. Uhaba ni wa bidhaa sokoni. Ukosefu humaanisha kutokuwapo kabisa, tena lina harufu ya kosa ndani yake. Mkosefu ni mwenye dhambi, na hatuoni sababu ya kumtwika mgonjwa mzigo huo. Upungufu ndilo neno lenye kufaa, kwa kuwa lina mfano wake uliokwisha kukubalika katika upungufu wa damu, na kwa kuwa halisemi kwamba kitu kimekwisha chote. Pale ambapo homoni haipo kabisa, iandikwe upungufu kamili.

Tiba ya hali hii ni ya kurudishia mwili kile ulichopungukiwa. Mara kadhaa tumeona ikiitwa tiba mbadala ya homoni. Mfasiri alifuata mantiki yake, kwamba homoni ya dawa inakuwa badala ya ile ya mwili. Lakini tiba mbadala ni jina lenye mwenyewe. Umma huelewa kwalo mitishamba na tiba nyingine zisizo za hospitali. Mgonjwa wa pituitari akielewa kwamba sindano zake ni tiba mbadala, aweza kuziacha akatafuta mbadala ulio rahisi zaidi, na kwa upande wa kotisoli kuacha ghafla huhatarisha maisha. Tunapendekeza tiba ya kujazia homoni, kwa kifupi tiba jazio. Wenye neno bora wasisite kulileta.

Utaratibu wa kujazia una mpango wake, na mfasiri aulinde. Kotisoli ikipungua, hujaziwa kwanza, ndipo homoni ya thairoidi. Kuanza na ya thairoidi kwa mtu ambaye kotisoli yake haitoshi kwaweza kumletea hatari. Maneno kwanza, kisha na ndipo katika karatasi ya namna hii yana uzito wa dawa yenyewe. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa sindano chini ya ngozi, kwa kuwa ni protini yenye asidi amino 191 na ingemezwa ingemeng'enywa tumboni kama nyama; kwa kawaida ni kila siku, ingawa tangu mwaka 2020 imeidhinishwa huko Marekani aina ya kudungwa mara moja kwa juma kwa watu wazima.

Jambo ambalo tumeona likichanganywa kuliko mengine yote ni homoni za uzazi. Jina hili hutumiwa kwa vitu viwili ambavyo athari zake kwa mwanamke anayetaka mtoto ni tofauti kabisa. Ziko estrojeni na projesteroni, ambazo kwa kawaida hutolewa na ovari. Mwanamke mwenye upungufu wa pituitari akipewa hizi, hedhi yake hurudi, mifupa yake hulindwa, lakini yai halipevuki. Damu imerudi, mimba haijarudi. Na ziko gonadotropini, ambazo huiamrisha ovari yenyewe, na hizi ndizo zinazoweza kupevusha yai. Karatasi ikisema tu kwamba mgonjwa atapewa homoni za uzazi na hedhi itarudi, mama na mumewe watahesabu miezi bure. Zaidi ya hapo, sindano ya uzazi katika usemi wa watu wengi ni ile ya kupanga uzazi, yaani ya kuzuia mimba. Kwa hiyo jina moja laweza kumwahidi mtoto asiyekusudiwa na tiba, au kumtisha kwa kizuizi kisichokuwapo. Tunapendekeza homoni za ovari kwa zile za kwanza, na gonadotropini kwa zile za pili, na jina la homoni za uzazi liachwe katika maandishi ya hospitali.

Vivyo hivyo kupevuka kwa yai na kutoka kwa yai vitenganishwe. Vitabu vingi huvitaja kama tukio moja. Kifuko cha yai, kiitwacho folikili, hukua kwa muda wa siku nyingi ndani ya ovari, na hilo ndilo kupevuka. Kisha hupasuka na yai likaachiliwa, na hilo ndilo kutoka. Tofauti hiyo ina kazi tukija kwenye swali la mwisho: homoni ya ukuaji yenyewe inasaidia nini katika kupata mimba?

Hapa mfasiri anahitaji uaminifu kuliko ufasaha. Ovari ina vipokezi vya homoni ya ukuaji, na seli zinazolizunguka yai hupokea vizuri zaidi amri ya gonadotropini homoni hiyo ikiwapo. Mwaka 1988 Roy Homburg na wenzake walitoa taarifa kwamba wanawake wachache waliotibiwa kwa gonadotropini walihitaji kiasi kidogo zaidi cha dawa hizo walipoongezewa homoni ya ukuaji. Taarifa hiyo iliamsha matumaini makubwa. Lakini liko pia jambo lisilopaswa kufichwa: homoni ya ukuaji si ufunguo ambao bila huo mlango haufunguki. Wanawake waliopungukiwa na homoni hiyo peke yake hupata mimba bila tiba yoyote. Hata wenye hali iliyoelezwa na Zvi Laron mwaka 1966, ambao miili yao haiisikii kabisa homoni ya ukuaji na ambao ni wafupi sana, huchelewa kubaleghe lakini wengine wao huzaa watoto. Kwa aliyepungukiwa na homoni kadhaa, gonadotropini ndizo zinazobeba kazi. Homoni ya ukuaji ni msaidizi ambaye daktari aweza kumwita endapo ovari haziitikii vema. Na kwa wanawake ambao pituitari zao ni nzima, wanaotafuta mtoto kwa njia ya kurutubisha yai nje ya mwili, mapitio ya majaribio mengi yaliyotolewa na jopo la Cochrane mwaka 2021 hayakuona ushahidi wa kutosha kwamba kuiongeza homoni hiyo kunaongeza watoto wanaozaliwa hai.

Sasa tazama Kiswahili kinavyoweza kuyaharibu maelezo hayo kwa silabi moja. Kiambishi hu- ni cha desturi: jua huchomoza, maji hupanda na kupwa. Mwandishi wa kigeni anaposema kwamba dawa yaweza kuongeza, wafasiri wetu huandika dawa huongeza, nalo likawa jambo la kila siku kama kuchomoza kwa jua. Tulinganishe sentensi mbili tulizozitunga kwa ajili ya kuonyesha. Ya kwanza: Homoni ya ukuaji huongeza mayai na humwezesha mwanamke kuzaa. Ya pili: Kwa baadhi ya wanawake homoni ya ukuaji huenda ikaongeza kidogo idadi ya mayai yanayopevuka, haijathibitika kwamba inaongeza idadi ya watoto wanaozaliwa. Sentensi ya kwanza ni laini na yenye mdundo. Ndiyo itakayonakiliwa gazetini, ndiyo itakayobandikwa ukutani penye duka la dawa, na familia itauza shamba kwa ajili yake, kwa kuwa dawa hii ni ghali. Kiswahili hakikosi njia za kusema kwa tahadhari: huenda, yaweza, pengine, kwa baadhi, imeonekana, haijathibitika. Kila moja ina kipimo chake, na mfasiri achague ile inayolingana na kipimo cha ushahidi. Imeonekana ni nzito kuliko huenda; imethibitika ni nzito kuliko zote na itumiwe kwa ubahili.

Hali kadhalika neno kutibu lisipelekwe mpaka kuponya. Mwenye upungufu wa pituitari hutibiwa, kwa wengi maisha yake yote. Mara nyingi haponi, kwa maana ya tezi kufufuka. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri wengine hawautumii.

Mimba ikishapatikana, linaibuka neno jingine. Kondo la nyuma hutengeneza homoni ya ukuaji ya aina yake, tofauti kidogo na ile ya pituitari, na kadiri mimba inavyokua ndiyo inayotawala katika damu ya mama. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa usalama wa sindano katika ujauzito haujathibitika, miongozo ya matabibu hushauri sindano za homoni ya ukuaji zisitishwe mama anapokuwa mjamzito, huku kotisoli na homoni ya thairoidi zikiendelea. Tunapendekeza homoni ya ukuaji ya kondo kwa hiyo ya pili, na homoni ya ukuaji ya pituitari pale ambapo zote mbili zinatajwa katika ukurasa mmoja. Kusitisha na kuacha, tena, visilinganishwe. Aliyesitisha atarudia baada ya kujifungua ikiwa daktari ataona inafaa, aliyeacha ameacha.

Limebaki neno moja ambalo hatukulipata vitabuni. Tumesema kwamba dalili ya kwanza ya ugonjwa wa Sheehan aghalabu ni maziwa kutotoka baada ya mama kuvuja damu nyingi. Lugha ya vitabu husema maziwa hayatoki, lakini hiyo husemwa pia juu ya mama mwenye njaa, mwenye hofu, au ambaye mtoto wake hanyonyi sawasawa. Wakunga wa jadi, ambao wameiona hali hii kwa vizazi vingi, bila shaka wana jina lake katika lahaja za pwani na katika lugha za bara. Walimu, wauguzi na maofisa wa vijijini wanaolijua jina hilo, au hata usemi tu unaoitofautisha hali hii na zile nyingine, tunawaomba watuandikie wakitaja wilaya, lugha au lahaja, na sentensi moja kamili ambamo neno hilo limetumiwa.